Tulimzika bila kujua jina lake

Habari za mpira mtazipata ukurasa wa nyuma. Hapa tuko na jambo moja ambalo linatusumbua tangu mwezi wa pili, na tumeona si vizuri kulinong'ona tu kule kitandani wakati taa zimezimwa.

Mwezi ule mama mpishi wa interna alikufa. Wote mnamjua, hata wale wa kalasi ya kwanza waliofika juzi. Sisi tulimwita kwa jina la mboga aliyotupikia karibu kila siku, naye alikuwa anaitika na kucheka. Siku ya maziko kanisa lilijaa mpaka watu wengine walisimama inje. Mzee aliyeongoza ibada akauliza kama kuna mwanafunzi wa kusema neno kwa ajili ya masomo yetu. Mmoja wetu akasimama. Alipofika mbele alifungua kinywa, akaanza, "Sisi wanafunzi tunamlilia mama yetu...", halafu akanyamaza. Jina hakulijua. Akatazama msalaba wa mbao uliowekwa karibu na sanduku ili asome, lakini msalaba ulikuwa umegeuzwa. Mwisho akasema, "mama yetu wa jikoni", akarudi kukaa. Hakuna aliyecheka.

Tungeweza kusema ni kosa la mwenzetu. Lakini tulipotoka tuliulizana. Tulikuwa watu kumi na mmoja wa kalasi ya tano na ya sita, na hakuna hata mmoja aliyejua. Miaka mitano tumekula kutoka mkono wake. Tulijua anaficha ufunguo wa depo wapi, tulijua akikasirika anasema maneno gani, lakini jina lake tulikuwa hatujauliza. Na tuseme yote: siku ile alipokuwa mgonjwa sana, walipomchukua kwenda lopitalo kwa tshukudu, sisi tulikuwa uwanjani. Tulisogea kando tshukudu ipite, kisha tukaendelea kucheza.

Kisha maziko, siku za kilio, njo tulianza kusikia. Kumbe mama huyu alikuwa shemasi miaka mingi. Kila siku ya posho, akimaliza vyombo, alipita lopitalo kuosha wagonjwa wasio na ndugu. Wale wenye kulala bila mtu wa kuwaletea chakula, yeye aliwapelekea. Mwaka 2003, wakati vita vilipochafua Bunia na barabara zote, watoto wengine wa interna walikosa njia ya kurudi kwa wazazi. Wakubwa walikuwa wamekimbia. Yeye alibaki nao. Aliwalisha mihogo ya shamba lake mwenyewe mpaka shamba likaisha. Wawili kati ya watoto wale leo ni walimu wetu hapa. Tuliwauliza jina lake. Mmoja aliangalia chini. Naye pia alimwita kwa jina la mboga.

Sasa mnajua kwamba masomo yetu yanajitayarisha kwa sikukuu kubwa ya kumbukumbu, na karatasi ya majina ya watu watakaokumbukwa katika ibada imebandikwa mlangoni mwa kapela. Tumeisoma mara mbili. Kuna wamisionari, kuna wachungaji, kuna maprefe wote tangu wa kwanza. Hatuna neno juu yao. Walifanya kazi na wanastahili heshima. Lakini karatasi nzima haina mpishi, haina zamu, haina fundi aliyechoma matofali ya jengo hili tunamokaa, haina mama hata mmoja isipokuwa wake wa wamisionari, nao wameandikwa kwa majina ya bwana zao. Mtu akisoma karatasi ile atafikiri kanisa ni mti wenye matawi tu, usiokuwa na mizizi.

Tuliuliza. Mwalimu mmoja tunayemheshimu alitujibu hivi: "Ninyi watoto munataka kutuletea watakatifu? Sisi Baprotestanti hatuombake bafu." Mwingine akasema wale waliotumika kwa siri walitaka kubaki kwa siri, na mkono wa kushoto usijue kazi ya mkono wa kuume. Maneno haya ni mazito na hatukuyadharau. Tulirudi interna, tukafungua Biblia.

Tulichokiona ni hiki. Paulo, mtu wa mafundisho magumu kupita wote, anamaliza barua yake kwa Waroma na majina ya watu zaidi ya 20. Hakuna kuombea wafu pale, ni salamu tu na shukrani. Kuna Foibe aliyetumikia kanisa la Kenkrea. Kuna Priska na Akila, watu wa kushona hema. Kuna Tertio aliyeshika kalamu wakati Paulo anasema. Kuna mama wa Rufo, ambaye Paulo anasema amekuwa mama kwake pia, na ona, hata Paulo hakuandika jina lake! Labda yeye pia alimwita kwa jina la mboga. Tena kuna Dorkas wa Yafa katika Matendo. Alipokufa, wajane hawakutoa hotuba. Walimwonyesha Petero kanzu na nguo alizowashonea. Sisi tungemwonyesha Petero nini? Sahani zilizokwisha kulambwa.

Kwa hiyo kuwakumbuka si kuwaabudu. Na ile habari ya mkono wa kushoto inamhusu yule anayetoa, asijitangaze. Haikusema yule anayepokea asahau.

Basi tukaenda biblioteki kutafuta kama watu wa namna hii waliandikwa mahali. Tuanze na jirani. Katika Ituri yetu wengi wanajua jina la Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda, akaitwa Waswa. Kivebulaya ni jina la kupachikwa, maana yake kitu cha kutoka Ulaya, juu ya koti alilolivaa. Alivuka mto Semliki, akafika Boga mwisho wa mwaka 1896. Wengi wanafikiri alifika pale akiwa mchungaji. Hapana. Alikuwa mwalimu tu wa kusomesha watu, na tangu abatizwe ilikuwa haijafika miaka miwili. Ushemasi wa Kianglikani alipewa mwaka 1900, uchungaji mwaka 1903. Mateso makubwa yalikuwa yamekwisha kupita. Alipigwa. Alipelekwa kufungwa Fort Portal juu ya kifo cha dada wa chifu Tabaro, ambaye kwa kweli aliangukia mkuki uliokuwa majanini. Hayo yote yalimpata akiwa mkristo wa kawaida, bila cheo. Chifu mwenyewe alibatizwa baadaye.

Lakini Apolo hana haja yetu. Ana kaburi Boga, ambako alizikwa mwaka 1933, ana vitabu, ana siku yake katika kalenda ya Waanglikani. Sisi tulisimama kwa watu wawili waliomtangulia. Majina yao ni Petero Nsugba na Sedulaka Makwata. Nani kati yenu amekwisha kuyasikia? Walifika Boga mbele yake, kufundisha. Chifu akakataza watu wasiwalishe. Njaa ikawashinda, wakarudi. Vitabu vinawapa mstari mmoja, miwili, kisha vinakimbilia kwa Apolo. Sasa angalieni: Apolo alipokuja alibeba jembe, apate kulima chakula chake mwenyewe. Nani alimwambia alete jembe? Ni njaa ya wale wawili. Sisi tunaona jembe lile ni kazi yao. Mtu anaweza kushindwa na bado akawa ametumika, na kama tunakumbuka paka wenye kushinda, hatutajua jembe lilitoka wapi.

Sasa tutoke Ituri, twende mbali kidogo, mpaka Kasai, kwa sababu huko tulikuta habari iliyotufanya kugombana usiku mzima.

Kule Alabama, Marekani, mwaka 1838, alizaliwa mtoto mwanamke mtumwa, jina lake Maria Fearing. Alikua katika nyumba ya bwana wake, akisikia bibi wa nyumba akisimulia habari za Afrika. Vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, akawa huru, lakini hakujua kusoma wala kuandika. Alipokuwa na miaka 33 aliingia masomo ya Talladega, akakaa pamoja na watoto wadogo kujifunza a, e, i, o, u. Ninyi mnaoona haya kukaa na wadogo kwa sababu mmerudia kalasi, someni tena mstari huu. Alijifunza, akawa mwalimu, akafanya kazi ya kutunza wasichana wa interna pale Talladega, akanunua nyumba yake.

Halafu mchungaji William Sheppard, Mmarekani mweusi aliyekuwa amefungua misioni ya Luebo mwaka 1891 pamoja na Samuel Lapsley, akapita Talladega akitafuta watu wa kusaidia Kongo. Maria Fearing akajitoa. Alikuwa na miaka 56. Wakubwa wa misioni ya Kipresbiteri wakamkatalia: amezeeka, homa itamwua. Mama huyu hakubishana nao. Aliuza nyumba yake. Wamama wa kanisa moja la Talladega wakamwongezea dolari 100. Akarudi kuwaambia wakubwa: nitajilipia mwenyewe. Mwaka 1894 akapanda meli.

Fikirini wenyewe. Kuuza nyumba ni kuuza pahali pa kurudi. Na nyumba yenyewe ni ya mtu aliyezaliwa yeye mwenyewe akiwa mali, akihesabiwa pamoja na ng'ombe.

Luebo wakati ule biashara ya watu ilikuwa haijaisha. Watoto walikamatwa katika mapigano, wakapitishwa mkono hadi mkono. Maria Fearing alianza kuwakomboa watoto wanawake, akilipa kwa chumvi, kwa nguo, kwa vyombo. Akawajengea nyumba iliyoitwa Pantops, akawafundisha kusoma, kushona, kutunza nyumba na Neno la Mungu. Watu wakamwita Mama wa Mputu, mama wa kutoka mbali, ng'ambo ya bahari. (Ona: Apolo waliita kitu cha Ulaya, na huyu mama wa Mputu, na wote wawili ni watu weusi kama sisi.) Miaka miwili ilipopita wakubwa kule Marekani wakaona aibu, wakamwandika kuwa mmisionari kamili mwenye mshahara. Alikaa Kongo mpaka 1915. Yule mzee waliyeogopa atakufa na homa alirudi kwao na miaka karibu 77, akafa mwaka 1937, karibu kutimiza miaka 99.

Hapa njo ugomvi wetu ulianzia. Mmoja wetu alisema: kama unamnunua mtumwa ili awe huru, muuzaji si amepata faida? Hatakwenda kutafuta mwingine? Basi yule mama, kwa moyo mzuri, alikuwa analisha biashara. Mwingine akakasirika, akasema: wewe unasema vile kwa sababu hukukaa na kamba shingoni, mtoto aliye sokoni leo hawezi kungoja mpaka dunia itengenezwe. Wa kwanza hakukubali. Mpaka saa ya kulala tulikuwa bado tunabishana, na hata leo hatujapatana. Sisi tunaandika ugomvi huu hapa kwa makusudi. Maana tukisema tuwakumbuke watumishi, hatusemi tuwapake chokaa mpaka sura isionekane. Maria Fearing alijua kuliko sisi sote bei ya mtu ni nini. Aliamua hivyo. Mtu anaweza kumheshimu na bado akamwuliza swali.

Tena kuna jambo lingine. Maria Fearing tunamjua kwa sababu watu wa kwao waliandika. Je, wale watoto wanawake wa Pantops? Walikua, wakaolewa, wengi wakawa wamama wa kanisa katika vijiji vya Kasai, na wao wakafundisha wengine. Tulitafuta majina yao katika vitabu tulivyo navyo. Mama wa Mputu ana jina, ana tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Wale aliowakomboa wamebaki "wasichana". Hatumlaumu mtu. Tunasema tu namna ilivyo: asiyeandika mtu wake, mtu wake anakuwa hesabu tu.

Turudi kwetu. Oicha wote mnaijua. Munganga Carl Becker aliacha kazi yake nzuri ya Marekani, akafika Kongo mwaka 1929, na tangu 1934 akajenga kazi ya Oicha, ambayo ilijulikana hasa juu ya wagonjwa wa ukoma waliofika kwa maelfu. Alitumika nchini mwetu mpaka miaka ya 1970. Yeye ana kitabu. Lakini munganga mmoja hawezi kufunga vidonda vya maelfu ya watu. Aliwafundisha vijana wa hapa hapa, wengine hata kupasua. Asubuhi nani alifungua bandeji zile zenye kunuka? Mwaka 1964, waasi wa Simba walipopita na wamisionari wengi wakakimbilia Uganda, nani alibaki na funguo za makanisa na za dispanseri? Na miaka ile serikali ilipochukua masomo yote kutoka makanisa, mwisho wa 1974, na kuondoa somo la dini, mpaka mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 yaliporudisha masomo kwa makanisa, nani aliendelea kukusanya watoto chini ya mwembe siku ya yenga? Wachungaji walikuwa wachache, na kila mmoja ana vijiji kumi.

Na Nyankunde. Hii si historia ya wazee; wazazi wetu waliishi wakati ule. Tarehe 5 Septemba 2002 watu wenye silaha waliingia Nyankunde, pahali pa lopitalo kubwa ya Waprotestanti. Waliua siku nyingi, hata wagonjwa vitandani. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu wafu wasiopungua 1.200 pale na pande zile. Hatutasema hapa nani alikuwa kabila gani, maana katika kalasi yetu wamo watoto wa pande zote, na tunakula meza moja. Tutasema jambo moja tu. Wafanyakazi wa lopitalo waliookoka waliondoka kwa mguu pamoja na wagonjwa na watu wengine wengi, wakapita porini siku nyingi mpaka Oicha, karibu kilomita 150. Muuguzi angeweza kukimbia peke yake na kufika upesi. Kutembea na mgonjwa ni kutembea mwendo wa mgonjwa. Kisha walipofika, wakaanza tena kazi kule Oicha na Beni, bila kungoja nyumba, bila kujua nani atawalipa. Wako wapi majina yao? Wengine wangali hai. Wengine wanakaa mtaa mmoja nasi, na sisi tunawapita bila kuwasalimu kwa sababu viatu vyao vimechakaa.

Tulimtembelea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa misioni. Alitutazama kwa muda, akasema: "Munakuja sasa? Benye walijuaka mambo yote banakwisha kufa. Miye niko na kidogo tu." Lakini kile kidogo chake kilijaza kurasa tisa. Ametuambia udongo wa matofali ya kapela ulichimbwa wapi, na wamama gani walibeba maji ya kuukanda, kila moja na zamu yake, kabla ya jua kutoka. Wamama wale hawakulipwa hata franga moja. Ametaja wanane kwa majina. Wengine wawili alisahau, akakaa kimya muda mrefu, akatuomba turudi kesho yake. Tuliporudi, mmoja alikuwa amempata.

Kazi hii ina matata yake, na tunawapasha ninyi mtakaotaka kusaidia. Tulipoomba ruhusa ya kuangalia kitabu cha zamani cha washiriki, tuliona watu wengine wameandikwa mara mbili. Mtu alibatizwa kwa jina la Biblia. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikakataza majina ya namna hiyo, naye akaandikwa upya kwa jina la mababu. Baada ya 1990 wengine wakarudilia lile la kwanza. Kwa hiyo msifikiri ni watu wawili. Ulizeni jina la baba. Tena msiulize wanaume tu. Tulimwuliza baba mmoja nani alianzisha kikundi cha wajane, akatutajia mchungaji. Mke wake alikuwa anapepeta mchele pembeni, akasema pole pole bila kuinua macho: "Ule muchungaji alitukutaka tulikwisha kuanza."

Wengine watasema tunamgeuza mama wa jikoni kuwa malaika. Hapana, hata kidogo! Mwiko wake tuliujua mgongoni. Alikuwa na upendeleo kwa watoto wa kalasi ya kwanza, na nyama ndogo iliyokuwamo iliishia kwao. Aligombana na kamati ya interna juu ya mafuta mpaka wakaacha kusemezana wiki mbili. Siku moja alimfukuza mmoja wetu jikoni mbele ya wageni, na yule mwenzetu alimchukia mwaka mzima. Njo huyo huyo aliyesimama siku ya maziko akakosa jina.

Basi tunachoomba ni hiki. Kwanza, wale wanaotayarisha sikukuu waache karatasi ya mlangoni wazi, isifungwe sasa, ibaki nafasi ya majina mengine. Haitagharimu kitu, karatasi ni yetu, na kalamu ni yetu. Kama nafasi ni ndogo, majina yasomwe bila vyeo, itapunguza maneno mengi. Pili, tumenunua kaye moja kubwa, iko biblioteki kwa mwalimu anayeshika funguo. Kila mwanafunzi akienda likizo aulize kwao: nani alifungua kanisa letu wakati hapakuwa na mchungaji, nani alipokea wageni, nani aliosha wafu, nani alifundisha watoto kuimba. Aandike jina lote, jina la baba, kijiji, na kazi moja aliyoifanya yule mtu, ile ambayo mwenye kusimulia aliiona kwa macho. Sifa za jumla kama "alikuwa mtu wa upendo sana" hatuzitaki, maana kila aliyekufa anasifiwa hivyo. Na kama mwenyewe yuko hai, aulizwe kwanza kama anakubali kuandikwa.

Walimu wetu wawili waliolishwa mihogo mwaka 2003 wamekwisha kukubali kuandika wao wenyewe. Tunawashukuru. Yule mwalimu mwingine aliyetuambia habari za watakatifu hajakubaliana nasi juu ya karatasi ya mlangoni, lakini jana alikuja biblioteki, akaomba kaye, akaandika jina la bibi yake, akaenda bila kusema neno.

Na mama wetu wa jikoni? Jina lake sasa tunalijua. Tulikwenda kwao siku ya yenga iliyopita, tukakaa chini na watoto wake. Hatuliandiki katika gazeti hili, kwa sababu mkubwa wao amekwenda Beni, na wadogo wanasema tumngoje yeye atoe ruhusa. Ni haki yao. Tuliolila chakula chake bila kuuliza, safari hii tuulize. Binti yake ametuonyesha nguo yake ya ushemasi, iko imekunjwa vizuri, na chini yake daftari ndogo ambamo alikuwa anaandika wagonjwa wa kutembelea, jina kwa jina, namba ya kitanda, na chakula mtu anachoweza kula. Sisi pia tumo katika kurasa za mwisho: nani anaumwa tumbo na maharagwe, nani haletewi sabuni na wazazi, nani amefiwa. Alituandika wote kwa majina yetu.

Jamaa wanaomba picha yake, hawana hata moja. Mwenye kuwa nayo, hata kama ameonekana nyuma tu ya kalasi siku ya kumaliza masomo, atuletee biblioteki kabla ya likizo. Tutaifanyia nakala na kumrudishia.